Praktikali ya kemia imegoma: dalili na chanzo, kabla hujasema kemikali mbovu

Niliwahi kumkata mwanafunzi maksi na kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi, naanza na hilo maana ndilo lililonifanya nifungue daftari la hizi dalili. Ilikuwa kidato cha tatu, jaribio la msumari na mrututu, ule mrututu wa bluu wa duka la pembejeo ambao wakulima wa kahawa wanapuliza shambani. Unauyeyusha kwenye maji yanakuwa bluu safi, unatumbukiza msumari, dakika chache tu msumari unavaa shaba ya kahawia inayoelekea nyekundu, na ukiuacha muda mrefu ile bluu inafifia inaelekea kijani hafifu. Ndivyo kitabu kinavyosema na ndivyo nilivyokuwa nimeandika kwenye majibu yangu. Binti mmoja yeye kaandika msumari wake umeota kitu cheusi kama masizi, ukikigusa kinadondoka, na kesho yake maji yamekuwa karibu hayana rangi. Nikakata. Wiki mbili baadaye niko nyumbani naezeka banda la kuku, nimeshika msumari mkononi ndo nikaelewa, ile misumari niliyowapa darasani ilikuwa ya bati, imepakwa zinki ili isishike kutu. Zinki ndiyo iliyoitoa shaba kwenye maji, siyo chuma, na chumvi ya zinki ikiyeyuka haina rangi, ya chuma ndiyo yenye ukijani. Binti aliona sawasawa kabisa. Jumatatu nikamrudishia maksi zake mbele ya wenzake na nikawaeleza kwa nini.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, na nyie vijana mnaojiandaa na praktikali, jaribio likitoa kitu tofauti na kitabu msifute, andikeni kilichoonekana, na muda, na mlichotumia kilitoka wapi. Alafu rudia ukibadilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha siki na maji na chombo vyote kwa pamoja, hata likikubali hutajua kilichokuwa kinakwamisha ni kipi.

Nikimalizia hilo la msumari: kama hamna kinachotokea kabisa, angalia mafuta. Misumari ya dukani mara nyingi ina mafuta ya kuzuia kutu, isugue na msasa, ioshe na sabuni, isuuze. Vyuma visivyoshika kutu, kama kijiko cha stenlesi, usivitegemee kwenye hili jaribio. Na maji ya mrututu yasimwagwe mtaroni yakaenda mtoni, yanaua samaki, mimi nayakusanya kwenye ndoo yenye mfuniko na nimeiandika kwa rangi.

SIKI NA BEKING SODA: MAPOVU KIDOGO AU HAMNA

Kwanza soma kopo. Beking soda na beking pauda siyo kitu kimoja, na darasani nusu ya wanafunzi wanaleta pauda maana ndiyo mama anayotumia kwenye maandazi. Pauda tayari ina asidi yake kavu ndani pamoja na wanga, ikipata maji tu inachemka yenyewe, na ikikaa kwenye unyevu wa pwani kwa miezi inamaliza nguvu polepole ndani ya kopo. Kipimo chake ni rahisi, weka kijiko kwenye maji ya moto bila siki, kama haifuri imekufa. Soda yenyewe haichakai hivyo, kwa hiyo kama una soda halisi na bado hamna povu, shida iko kwenye siki.

Siki nyingi za dukani ni kama asilimia 4 au 5, lakini ile inayopimwa kwenye chupa za maji sokoni huwa imeongezwa maji mpaka imebaki harufu tu. Linganisha na ndimu. Kamua ndimu mbichi juu ya soda ile ile, kama ndimu inafoka na siki inalegea basi umeshapata jibu.

Kuna wengine wanalalamika kinyume chake, povu lilikuwepo ila limeisha haraka na unga mweupe umebaki chini. Hapo soda ilikuwa nyingi kuliko asidi. Mililita 100 za siki ya asilimia 5 zinamaliza kama gramu 7 za soda, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, kinachozidi kinabaki kimekaa. Na kiasi hicho kidogo kinatoa karibu lita 2 za gesi! Ndiyo maana sikubali mtu azibe chupa ya soda na kifuniko eti tuone itakuwaje, chupa ya kioo itapasuka usoni kwa mtoto.

Kitu kingine wanachodhani ni kosa: chombo kinakuwa cha baridi. Wengi wameshakariri kwamba kemikali zikichanganyika lazima joto lipande, sasa wakigusa bika wakakuta imepoa wanaandika joto limepanda hivyo hivyo, wanaogopa kukosa. Siki na soda zinachukua joto, kipimajoto kinashuka kabisa. Aandike limeshuka.

CHAKI HAITOI POVU KWENYE ASIDI

Hili linawatesa sana, kitabu kinasema chaki ni kalsiamu kaboneti na chaki tunazo za kumwaga, unamwagia asidi, kimya. Chaki nyingi za ubaoni siku hizi zimetengenezwa kwa jasi, ambayo ni kalsiamu salfeti, jina la kitu ni chaki lakini siyo ile chaki ya kitabuni. Tumia maganda ya mayai, yaoshe, toa ule utando wa ndani, yasage. Walioko pwani wana ganda la konokono wa baharini na vipande vya matumbawe vilivyotupwa na maji ufukweni, vinachemka vizuri sana. Na magadi yale ya kulainishia maharage pia yanafaa, yanayotoka maziwa kama Magadi kule Kenya na Natron huku kwetu, hayo yana kaboneti na baikaboneti kwa pamoja, yanafoka na siki kuliko watu wanavyotegemea. Ila yana uchafu na chumvi, kwa hiyo usiyatumie pale unapopima gramu, tumia pale unapotaka kuona gesi tu.

MAJI YA CHOKAA HAYAWI MEUPE

Maji ya chokaa ndiyo tunayopimia kaboni dayoksaidi, ikipita ndani yake yanatakiwa yawe meupe. Hapa nitakaa maana ndipo panapokwamisha wengi kuliko sehemu zote, na vyanzo vyake vinafanana ukiviangalia kwa haraka.

Anza na pumzi. Chukua maji ya chokaa kidogo kwenye testi tyubu, weka mrija, mtu apulize taratibu kwa nusu dakika (kupuliza siyo kuvuta, msimamie, na avae miwani maana yanarukia macho). Yakiwa meupe, maji yako mazima, tatizo ni gesi haifiki. Yasipokuwa meupe, maji yenyewe ndiyo mabovu na usihangaike na kitu kingine chochote.

Maji yakiwa mabovu, uliza chokaa ilitoka wapi. Mfuko wa chokaa ya kupaka ukuta uliokaa wazi stoo mwaka mzima umeshavuta kaboni dayoksaidi ya hewani, umegeuka kuwa kaboneti, na kaboneti haiyeyuki. Utakoroga, utachuja, utapata maji angavu mazuri ambayo ni maji matupu. Weka tone la fenolfthalini (dawa inayogeuka waridi kwenye alkali) au litmasi nyekundu, maji ya chokaa mazima yanaipiga rangi mara moja. Tafuta mfuko mpya na uchukue chokaa ya katikati, siyo ya juu. Alafu msichemshe maji mkidhani chokaa itayeyuka zaidi, chokaa ni kinyume cha sukari, kwenye maji ya moto inayeyuka kidogo kuliko ya baridi, na hata kwenye baridi ni kidogo tu, haifiki gramu 2 kwa lita. Kijiko kimoja kwenye chupa ya lita moja na nusu kinatosha, tikisa, acha usiku kucha, asubuhi mimina ya juu taratibu bila kutibua, chuja, jaza chupa mpaka shingoni na uzibe. Ukiona utando kama barafu juu ya maji, hewa imeshaingia, chuja tena na ujaribu na pumzi.

Maji yakiwa mazima na bado hamna kitu, fuata bomba. Sisi tunatumia mpira wa dripu mpya wa famasi, tunatoboa kifuniko cha chupa na kuziba pembeni na nta ya mshumaa. Ile nta inaachia. Paka maji ya sabuni pale kwenye kiungo, ukiona viputo gesi inatokea hapo. Mwisho wa mpira lazima uzame ndani ya maji ya chokaa, siyo uelee juu. Na gesi ya mwanzo inayotoka ni hewa iliyokuwemo kwenye chupa, inabidi isukumwe kwanza, usikate tamaa sekunde ya kumi.

Kuna moja gumu zaidi, chupa imejaa sana na povu la siki limepanda kwenye mpira likaingia kwenye maji ya chokaa. Asidi ikiingia mle hakutakuwa na weupe wowote, inaumeza. Ukiona mpira una maji maji ndani, anza upya na chupa kubwa iliyojaa robo tu.

Na ile ya "yalikuwa meupe alafu yakawa angavu tena" siyo kosa. Mmepitisha gesi kwa muda mrefu, kaboneti imegeuka baikaboneti ambayo inayeyuka. Sasa wanafunzi waliochelewa kuangalia wanakuta maji angavu wanaandika hamna badiliko, wakati badiliko limepita mara mbili. Ndo maana nasisitiza muda. Ukiyachemsha yale maji weupe unarudi, na hapo unaweza kuwaonyesha kinachotokea ndani ya sufuria za wanaotumia maji ya kisima, ule ukoko mweupe.

KIJITI CHENYE KAA HAKIWAKI KWENYE OKSIJENI

Sisi tunatumia haidrojeni peroksaidi ya famasi, ya asilimia 3, na kiazi mviringo kibichi kilichokatwa vipande vidogo. Ya asilimia 3 huitwa pia ya volyumu 10, maana yake mililita moja inatoa kama mililita 10 za oksijeni, kwa hiyo mililita 20 zinakupa kama mililita 200, ziko nyingi tu. Povu lisipotoka: chupa ilikaa wazi au juani (inauzwa kwenye chupa nyeusi au ya kahawia kwa sababu hiyo), au kiazi kilichemshwa. Kilichopikwa hakifanyi kazi kabisa, kimeng'enya (ile protini ya kiazi inayoharakisha kuvunjika kwa peroksaidi) kimekufa. Hamira nayo inafaa.

Povu lipo ila kijiti hakiwaki? Mara nyingi ni kijiti chenyewe. Njiti ya kibiriti ni fupi na kaa lake linazimika kabla hujafika, chelewa ya fagio nayo inakaa na kaa dogo dogo. Tumia kijiti cha mshikaki, washa kishike vizuri, puliza kibaki na kaa jekundu, ingiza juu ya povu bila kugusa maji. Kikigusa povu kimelowa, chukua kingine.

MLIO WA HAIDROJENI HAUSIKIKI

Hapa unaweka magnezi kwenye asidi, unakusanya gesi, unasogeza moto mdomoni mwa tyubu usikie mlio mdogo wa pop. Magnezi yenye rangi ya kijivu isiyong'aa imevaa oksaidi, sugua na msasa. Siki ni asidi dhaifu, gesi inakuja polepole, mpe muda. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa kwa hiyo testi tyubu ya kukusanyia igeuzwe mdomo chini, ukiigeuza juu imeshakimbia. Tyubu ndogo tu, moto mmoja, miwani machoni.

MASHAPO HAYAKUONEKANA

Praktikali ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne watu wanapoteza maksi hapa. Una maji ya chumvi ya shaba, umeambiwa weka amonia kidogo alafu izidishe. Inatakiwa kwanza mashapo ya bluu hafifu, alafu yakizidishiwa amonia yayeyuke yawe bluu iliyokolea sana. Mwanafunzi anaandika bluu iliyokolea tu, mashapo hakuyaona. Amemimina. Amonia ikiingia nyingi kwa mkupuo mmoja ile hatua ya kwanza inapita kabla jicho halijatulia. Tone moja, tikisa, angalia, tone la pili. Kama hamna dropa tumia sirinji isiyo na sindano. Zinki na sodiamu haidroksaidi ni hivyo hivyo, mashapo meupe yanakuja na kuondoka.

Akiweka matone mengi sana na bluu iliyokolea haiji, amonia imechoka. Gesi yake inatoroka kila chupa inapofunguliwa, na kwenye chumba cha joto inatoroka zaidi.

Alafu chumvi ya chuma, ile inayotakiwa kutoa mashapo ya kijani, imetoa kahawia. Maji hayo yalitengenezwa juzi, hewa imeshayageuza. Tengeneza asubuhi ile ile. Na hata yakiwa mapya, mashapo ya kijani yakikaa yanaanza kuwa kahawia juu pale yanapogusana na hewa, aandike vyote viwili, kijani kwanza, kahawia baadaye.

KILA SAMPO INATOA MASHAPO MEUPE NA SILVA NAITRETI

Ukiona kila kitu kina kloraidi, hata sampo unayojua haina, ni maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi, unaionja kabisa kwenye chai, na mabomba mengine yamewekewa klorini. Weka silva naitreti kwenye maji matupu bila sampo yoyote. Yakifanya ukungu mweupe, umempata mhalifu. Hili jaribio tupu ningependa lifanywe kila mara kabla ya kuanza, ni dakika moja. Kama maji yaliyotoneshwa (ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi) hayapatikani, kinga maji ya mvua katikati ya uwanja kwenye ndoo safi baada ya mvua kunyesha kwa muda, siyo yanayotiririka kwenye bati. Kisha nayo yapime hivyo hivyo.

MSALABA UNATOWEKA KWA MUDA TOFAUTI KILA KIKUNDI

Sodiamu thayosalfeti na haidrokloriki asidi, salfa inatokea, maji yanashika ukungu mpaka msalaba ulioko chini ya bika hauonekani. Vikundi kumi majibu kumi. Bika za upana tofauti zinafanya kina cha maji kiwe tofauti, na unapoangalia kutoka juu kina ndicho kinachokuzibia. Msalaba wa penseli unatoweka mapema kuliko wa kalamu nyeusi nene. Mwangaliaji abaki mmoja mwanzo mpaka mwisho. Na joto jamani, majaribio haya yanakwenda haraka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo mkondo wa asubuhi ukipata sekunde 60, mkondo wa mchana chumba kikiwa kimepanda nyuzi 5 unaweza kupata kama 42 na wote wako sahihi. Andikeni joto la maji juu ya jedwali.

Kama maji yameshika ukungu hata kabla ya asidi kuwekwa, silinda ya kupimia asidi ndiyo iliyopimia thayosalfeti. Ziwekeeni alama. Mkimaliza mwageni na msuuze mara moja, gesi inayotoka hapo inabana kifua, wenye pumu wakae karibu na dirisha au wawe waandishi wa muda mlangoni.

LITMASI HAIBADILIKI

Kwenye gesi lazima iwe imelowa, ikiwa kavu itakaa tu. Karatasi zilizohifadhiwa kabati moja na amonia au asidi zimeshageuka zamani. Kama zimeisha, loweka choya kwenye maji ya moto, ile rosela ya juisi, yanakuwa mekundu kwenye ndimu na yanaelekea kijani kwenye magadi, ila yatumike siku hiyo hiyo maana yanachacha.

HARUFU INAKABA KOO NA MACHO YANAWASHA

Hii ndiyo dalili pekee ambayo hurudii jaribio. Inatokea zaidi wakati wa usafi, watoto wanamwaga Jik (ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) kwenye sinki lenye mabaki ya asidi, au wanaichanganya na dawa ya choo ili masinki yang'ae zaidi, na hapo inatoka klorini. Jik na amonia navyo vinatoa gesi mbaya ya aina yake. Usiiname kunusa ujue ni nini. Wote nje, milango na madirisha wazi, aliyerukiwa machoni aoshwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, anayekohoa asiyetulia apelekwe zahanati hata kama anasema yuko sawa, maana kifua kinaweza kubana masaa baadaye. Kwenye maabara yetu Jik haiingii tena, tunaosha kwa sabuni ya maji na brashi, na funguo ya kabati la asidi anakaa nayo mwalimu mpaka usafi uishe.